Kwa Nini Filamu Moja Huzomewa na Kutukuzwa: Ladha za Watazamaji wa Sinema ya Kisanaa ya Italia

Mwezi Mei 1960, katika tamasha la filamu la Cannes, kusini mwa Ufaransa, filamu ya Michelangelo Antonioni iitwayo L'avventura ilizomewa ukumbini ikiwa bado inaonyeshwa. Filamu hiyo inasimulia habari za kundi la matajiri wanaotembea kwa mashua katika visiwa vya Aeolian, kaskazini mwa Sicily, na jinsi mmoja wao, mwanamke aitwaye Anna, anavyotoweka kwenye kisiwa kidogo cha mawe matupu. Mpenzi wake Sandro na rafiki yake Claudia wanaanza kumtafuta, katika kumtafuta wanapendana, na kadiri siku zinavyopita ndivyo Anna anavyosahaulika, hata filamu inakwisha bila mtazamaji kuambiwa alikokwenda. Ilipofika sehemu ambayo Claudia anakimbia katika ushoroba mrefu wa hoteli na hakuna jipya linalotokea, baadhi ya waliokuwamo walipaza sauti wakitaka kipande hicho kikatwe. Kesho yake kundi la waongozaji na wahakiki, akiwamo Roberto Rossellini, lilitia saini tamko la kumtetea Antonioni, na tamasha lilipofungwa filamu hiyo ikapata Tuzo ya Jopo la Waamuzi. Mwaka 1962 jarida la Kiingereza la Sight and Sound liliwauliza wahakiki wa nchi mbalimbali wataje filamu bora kuliko zote, na L'avventura ikashika nafasi ya pili, nyuma ya Citizen Kane ya Orson Welles.

Miaka miwili tu inatenganisha zomeazomea ile na heshima hii, na filamu ni ile ile. Hali hiyo imeendelea hadi leo. Ukiwakusanya watu watano wanaopenda sinema ukawaonyesha L'avventura, ambayo inachukua zaidi ya saa mbili na dakika ishirini, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja ataondoka akiwa amebadilika, mwingine atakuwa amesinzia, na wa tatu atakuwa na hasira ya mtu aliyeahidiwa jambo akanyimwa. Maelezo ya haraka husema kwamba aliyependa ana elimu na aliyechoka hana. Maelezo hayo nayaona kuwa ya uvivu, tena yanawadhulumu watazamaji wa aina zote mbili. Nionavyo, watazamaji wa filamu hizi hutofautiana hasa kwa sababu kila mmoja huingia ukumbini akisubiri kitu chake: yuko anayesubiri jibu la kisa, yuko anayesubiri ushahidi kuhusu maisha ya watu, yuko anayesubiri picha na sauti zenyewe, na yuko anayesubiri kujiona. Waongozaji wa Italia wa miaka ya 1940 hadi 1970 walizijibu haja hizo kwa namna zinazopingana, na mara nyingine walizikataa makusudi.

Jina lenyewe la sinema ya kisanaa ya Italia linachangia mkanganyiko huo, kwa kuwa limewatia kapu moja watu ambao wenyewe hawakukubaliana. Mwanzo wake huwekwa kwenye uhalisia mpya, mkondo uliochipuka vita vilipokuwa vinamalizika. Studio za Cinecittà, ambazo Mussolini alizifungua mjini Rome mwaka 1937, ziligeuzwa makazi ya wakimbizi, vifaa vilikuwa haba, na waongozaji wakatoka na kamera zao kwenda mitaani. Rossellini alitoa Roma città aperta mwaka 1945, na Vittorio De Sica akatoa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, mwaka 1948. Katika filamu hii ya pili, mfanyakazi wa kiwandani aitwaye Lamberto Maggiorani, ambaye hakuwa mwigizaji, anacheza nafasi ya baba anayepata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Siku yake ya kwanza kazini baiskeli inaibwa, na filamu yote iliyobaki ni yeye na mwanawe mdogo wakiitafuta mjini. Ni miongoni mwa filamu chache za Italia zinazowaunganisha watazamaji wa karibu kila ladha, na sababu yake haijifichi: swali ni moja, linaeleweka tangu dakika za mwanzo, na anayesubiri jibu, anayesubiri ushahidi na anayesubiri sura ya binadamu wote wanapata riziki yao humo.

Baada ya hapo njia zilitengana, na ugomvi wa ladha ukawa pia ugomvi wa siasa. Mwaka 1952 De Sica alitoa Umberto D., habari ya mzee mstaafu anayeishi na mbwa wake kwa pensheni isiyomtosha hata kodi ya chumba. Giulio Andreotti, ambaye wakati huo ndiye aliyesimamia masuala ya sinema serikalini, aliandika barua ya wazi akimlaumu De Sica kwa kuionyesha Italia vibaya mbele ya walimwengu. Miaka miwili baadaye, katika tamasha la Venice, La strada ya Federico Fellini ilipata tuzo ya Simba wa Fedha huku Senso ya Luchino Visconti ikiondoka mikono mitupu, na wafuasi wa pande hizo mbili wakashikana mashati. Msomaji wa leo anaweza kushangaa kwamba watu wazima walipigana kwa ajili ya filamu, lakini kila upande uliamini kwamba unatetea jambo kubwa. Senso ilionyesha vita vya Waitalia dhidi ya Austria mwaka 1866, na wahakiki wa mrengo wa kushoto waliona ndani yake nguvu za historia zikiwasukuma watu. La strada ilimfuata msichana maskini anayeuzwa na mama yake kwa mcheza maonyesho wa barabarani anayekata minyororo kwa kifua chake, na uzito wake wote ulikuwa ndani ya nafsi, katika upweke na huruma. Aliyekuja kutafuta ushahidi wa tabaka na historia aliona kwamba Fellini amekimbia mapambano. Aliyekuja kutafuta roho ya mtu aliona kwamba Visconti amejenga jumba la opera.

Mfano ulio wazi zaidi wa ugomvi huo ni Viaggio in Italia ya Rossellini, iliyotoka mwaka 1954. Mume na mke Waingereza, walioigizwa na George Sanders na Ingrid Bergman, wanakwenda Naples kuuza nyumba ya urithi, na huko wanagundua kwamba hawana la kuambiana. Hakuna tukio kubwa. Mke anatembelea makumbusho, anaangalia sanamu na mapango, na siku moja wote wawili wanashuhudia wachimbaji wa Pompeii wakifukua maumbo ya mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na majivu ya volkano karne nyingi zilizopita. Italia kwenyewe filamu hii ilishindwa vibaya, na wahakiki wengi wa mrengo wa kushoto waliona kwamba mwanzilishi wa uhalisia mpya ameusaliti. Nchini Ufaransa mambo yalikuwa kinyume kabisa. Vijana wa jarida la Cahiers du cinéma, ambao baadaye wakawa waongozaji mashuhuri, waliiona kuwa mlango wa sinema mpya, na mhakiki André Bazin alimwandikia Guido Aristarco, mhariri wa jarida la Cinema Nuovo, barua ndefu ya kumtetea Rossellini. Hoja ya Bazin ilikuwa kwamba uhalisia unatokana na namna ya kuuangalia ulimwengu kwa uzima wake, wala hautegemei umaskini wa wahusika. Nadhani alikuwa na haki, ingawa naelewa pia kwa nini Mwitaliano wa mwaka 1954, aliyeizoea sinema iliyoonyesha njaa na ukosefu wa kazi, alikosa subira na Waingereza wawili wenye gari la fahari.

Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na sauti, kwa kuwa lilikuwa na kituo chake cha kupima filamu na mtandao mpana wa kumbi za sinema za parokia. La dolce vita ya Fellini ilipotoka Februari 1960, mtazamaji mmoja mjini Milan alimtemea Fellini mate, na gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, likaishambulia vikali. Hata hivyo baadhi ya mapadri Wajesuiti waliitetea, wakiona kwamba mwanahabari anayezurura usiku kucha kati ya sherehe, waigizaji na wapiga picha ni taswira ya mtu aliyepoteza njia na anayejua kwamba amepotea. Wananchi walijaa kumbini, wengine kwa sababu ya sanaa, wengine kwa sababu ya kashfa, na mwezi Mei filamu hiyo ikatwaa Palme d'Or, yaani tuzo kuu, katika tamasha lile lile ambalo L'avventura ilizomewa. Jina la mhusika mmoja wa filamu hiyo, mpiga picha Paparazzo, ndilo lililoipa dunia neno paparazi.

Hapa tunafika kwenye suala la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowagawa watazamaji kuliko siasa na dini. Tumezoea kwamba katika filamu kila dakika inalipwa: mtu akifungua mlango, ndani kuna jambo. Antonioni alianza kuutumia muda kwa namna nyingine. Kamera yake hubaki mahali baada ya wahusika kuondoka, au hufika kabla hawajaja, na ukuta, upepo na kelele za mti vinapewa uzito ule ule wa maneno. Filamu yake ya 1962, L'eclisse, inamalizika kwa namna ambayo bado haijapata mfano wa kuilinganisha nayo kwa urahisi. Vittoria, aliyeigizwa na Monica Vitti, na Piero, kijana wa soko la hisa aliyeigizwa na Alain Delon, wanaahidiana kukutana jioni kwenye kona yao ya kawaida katika mtaa wa EUR mjini Rome. Kamera inakwenda kwenye kona hiyo. Wao hawaji. Kwa muda wa kama dakika saba tunaonyeshwa nyumba ambayo ujenzi wake haujakamilika, pipa linalovuja maji, basi linalopita, mtu anayesoma gazeti lenye habari za silaha za nyuklia, na mwishoni taa ya barabarani inayowaka karibu kabisa na macho yetu.

Mtu anayesubiri jibu la kisa ataumia hapo, na ana haki ya kuumia, kwa sababu ahadi ya miadi ni ahadi ambayo filamu yenyewe imempa. Lakini kuna mtazamaji mwingine ambaye katika dakika hizo hizo anaanza kuiona kona ile kwa mara ya kwanza. Tangu mwanzo aliiona mara kadhaa kama mandhari ya mapenzi, na sasa wapenzi wameondolewa na kona imebaki, ikaendelea na maisha yake kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Mimi ni wa kundi hili la pili, na nakiri kwamba sikuingia humo mara ya kwanza nilipoitazama. Nilikuwa nikitazama saa. Mara ya pili, kwa kuwa nilijua hawatakuja, nilikuwa huru kutazama pipa, na ndipo nilipoelewa kwamba subira inayodaiwa na Antonioni ni ustadi ambao mtu hujifunza, kama vile masikio hujifunza kufuata muziki wa mfumo wa sauti usioufahamu.

Wapo wanaodhani kwamba uchovu huu ni wa wageni, na kwamba Waitalia wenyewe walimpokea Antonioni kwa mikono miwili. Sivyo. Mwaka huo huo wa 1962 Dino Risi alitoa Il sorpasso, filamu ya vichekesho vichungu kuhusu wanaume wawili wanaokimbiza gari siku ya sikukuu ya Agosti, na ndani yake mhusika wa Vittorio Gassman anamwambia mwenzake kwamba alikwenda kuitazama L'eclisse akalala usingizi mzuri. Utani huo ulieleweka papo hapo na watazamaji wa Italia, waliokuwa wakiujua mjadala huo kwa undani. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Il sorpasso nayo leo inahesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za enzi ile, na kwamba inagusa ugonjwa ule ule ambao Antonioni aliushughulikia, yaani utupu wa watu walioanza kutajirika ghafla katika miaka ya kukua kwa uchumi. Risi aliupitisha kwa kicheko na mwendo wa gari, Antonioni kwa kimya na majengo matupu. Mtu akipenda njia moja na kuichoka nyingine, anakuwa amesema zaidi kuhusu mwendo wa moyo wake kuliko kuhusu thamani ya filamu hizo.

Fellini anachosha kwa upande mwingine. Lawama anayopewa ni ya wingi: nyuso nyingi, makelele, ndoto juu ya ndoto, na muziki wa Nino Rota unaokurudia kichwani siku nzima. Filamu yake ya 1963, Otto e mezzo, yaani Nane na Nusu, inamhusu mwongozaji aliyekwisha kukodi waigizaji na kujengewa mnara mkubwa wa chombo cha anga za juu, ilhali hajui filamu anayotaka kuipiga inahusu nini. Kumbukumbu za utoto, njozi na mambo ya mchana yanaingiliana bila kizingiti. Watu wa kazi ya filamu huipenda mno, na si vigumu kuelewa kwa nini, maana ni hofu yao ya kila siku imewekwa wazi. Mtazamaji wa kawaida huweza kuuliza kwa nini amhurumie mwanamume anayependwa na kila mtu na asiyejua kumjibu hata mke wake. Swali hilo ni la haki, na nadhani filamu yenyewe inalijua, kwani mke huyo amepewa maneno makali na sura iliyochoka ambayo haisahauliki. Hata hivyo namna mtu anavyolijibu hutegemea kama anaisikia filamu hiyo kama ungamo au kama majivuno.

Yapo pia mambo ya kiufundi ambayo huzalisha tofauti za ladha bila watu kutambua. La kwanza ni sauti. Kwa miongo mingi filamu za Italia zilitiwa sauti baada ya kupigwa. Fellini alikuwa akiwaambia baadhi ya waigizaji wake wahesabu nambari mbele ya kamera, na maneno yakaja kuandikwa na kurekodiwa baadaye. Waigizaji wa kigeni walipewa sauti za Waitalia. Ndiyo maana midomo na maneno mara nyingi haviendi sambamba, jambo linalowakera watazamaji wengine kiasi cha kuona kwamba filamu ni ya bandia. Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kulipokea kwa wepesi zaidi, kwa kuwa katika vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda watu wengi wamekua wakizitazama filamu za nje kupitia sauti ya mfasiri inayopanda juu ya picha, na hawakuwahi kudhani kwamba sauti lazima itoke kinywani mwa anayeonekana.

La pili ni lugha. Visconti alipopiga La terra trema mwaka 1948 katika kijiji cha Aci Trezza, aliwatumia wavuvi wenyewe na akawaacha waseme Kisicilia chao. Waitalia wa sehemu nyingine hawakuwaelewa, ikabidi iongezwe sauti ya msimulizi anayeeleza kwa Kiitaliano, na bado filamu haikupata watazamaji wa kutosha. Ermanno Olmi alirudia ujasiri huo mwaka 1978 katika L'albero degli zoccoli, akiwatumia wakulima wa mkoa wa Bergamo waliosema lahaja yao kwa saa tatu nzima, akatwaa Palme d'Or. Filamu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizozitaja. Mkulima anakata mti wa mwenye shamba ili amchongee mwanawe viatu vya mbao vya kwendea shule, na kwa ajili ya mti huo mmoja familia nzima inafukuzwa. Olmi haongezi hasira yake juu ya tukio hilo. Anayapanga mambo ya shamba, kuchinja nguruwe, kukoboa mahindi, kusali jioni, kwa utulivu ambao baadhi ya wahakiki wa kushoto waliuona kuwa ni unyenyekevu uliopita kiasi mbele ya dhuluma. Mimi naona kwamba dhuluma inaonekana kubwa zaidi kwa sababu tumekaa na watu hao muda wa kutosha kujua wanachopoteza.

La tatu ni nakala. Il Gattopardo ya Visconti, iliyopata Palme d'Or mwaka 1963, ina karamu ya dansi mjini Palermo inayochukua kama dakika 45, na ndani ya karamu hiyo mtawala mzee wa Salina, aliyeigizwa na Burt Lancaster, anatambua kwamba zama zake zimekwisha. Toleo lililopelekwa Marekani lilifupishwa kwa zaidi ya dakika ishirini, likatiwa sauti ya Kiingereza na kupewa rangi zilizofifia. Wahakiki wa huko walioikosoa na wale wa Ulaya walioisifu walikuwa, kwa kweli, wamezitazama filamu mbili. Kabla ya kubishana na mtu kuhusu filamu ya zamani, ni vema kumwuliza ameitazama katika toleo lipi, kwenye skrini kubwa au kwenye simu, na kwa tafsiri ya nani.

Halafu iko tofauti inayotokana na mahali mtazamaji anaposimama, na hapa L'eclisse inatuhusu moja kwa moja. Katika filamu hiyo, Vittoria na rafiki yake wanamtembelea usiku jirani aitwaye Marta, mwanamke mzungu aliyekulia Kenya, ambaye kuta za nyumba yake zimejaa picha na vitu vya huko. Vittoria anajipaka rangi nyeusi, anajivika mapambo shingoni, anashika mkuki na kucheza kwa sauti ya ngoma kutoka kwenye santuri, mpaka Marta anamwambia aache. Kisha Marta anaanza kuwazungumzia Waafrika kwa maneno ya dharau, akiwafananisha na nyani, huku akionyesha hofu ya walowezi kwamba mwisho wao unakaribia. Filamu ilionyeshwa Cannes mwezi Mei 1962. Hali ya hatari nchini Kenya ilikuwa imeondolewa mwaka 1960, mazungumzo ya katiba yalikuwa yamefanyika London, na uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963.

Wahakiki wengi wa Ulaya husema kwamba kipande hicho kinawakosoa wazungu wa tabaka la kati, na kuhusu Marta naafiki, kwa sababu kamera inamwacha aseme hadi aibu ijae chumbani. Kuhusu Vittoria siafiki. Ngoma yake imepigwa picha kama dakika ya furaha, mapumziko ya pekee kutoka kwenye unyong'onyevu wake, na mwili wa Mwafrika umekuwa vazi analolivaa na kulivua. Mtazamaji wa Nakuru au Nyeri ambaye babu yake aliwekwa kizuizini hawezi kukitazama kipande hicho kama mtazamaji wa Milan, wala hapaswi kuombwa afanye hivyo. Naipenda filamu hiyo na ninaumia ninapofika hapo, na sioni sababu ya kuchagua hisia moja kati ya hizo mbili.

Pier Paolo Pasolini alikuja hadi kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipiga picha Tanzania na Uganda, zikiwamo za Kigoma na Dar es Salaam, kwa ajili ya filamu aliyokusudia kuitengeneza kutokana na tamthilia za Orestes za Mgiriki Aeschylus. Filamu yenyewe haikutengenezwa, lakini matayarisho yake yalitolewa mwaka 1970 kwa jina la Appunti per un'Orestiade africana, yaani vidokezo vya Orestes wa Kiafrika. Pasolini aliona kwamba mataifa mapya ya Afrika yanapita katika badiliko kama lile la Wagiriki, kutoka kisasi cha kale kwenda kwenye mahakama na demokrasia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakiwazia kuwa hekalu la Apollo, na miti ya porini akaifanya kuwa Erinyes, miungu ya kisasi. Kilicho adimu ni kwamba aliwaonyesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Rome, akawauliza maoni yao, na majibu yao akayaweka ndani ya filamu ingawa hayakumfurahisha. Walimpinga kwa adabu na kwa uwazi. Walisema Afrika ni bara lenye watu wengi tofauti na haiwezi kuchukuliwa kama nchi moja, na wakatilia shaka ulinganisho wake wote. Kuna watazamaji wanaoiona filamu hii kuwa ya mtu anayetutumia kama mfano wa wazo lake, na kuna wanaoiona kuwa ya mtu aliyethubutu kusahihishwa hadharani. Hoja zote mbili zina ushahidi ndani ya filamu yenyewe, na wanafunzi wale, kwa mawazo yangu, ndio wahakiki bora ilionao.

Filamu ya mwisho ya Pasolini, Salò, iliyotoka baada ya kuuawa kwake Novemba 1975, nitaitaja tu, kwa kuwa ukatili wake unawafanya wengi wasiweze kuitazama hadi mwisho, na kutoweza huko ni jibu halali. Nataka kumalizia na ile aliyoitoa mwaka 1964, Il Vangelo secondo Matteo, Injili kama ilivyoandikwa na Mathayo. Pasolini hakuwa muumini na alikuwa Mmarx, lakini aliitabaruku kwa kumbukumbu ya Papa Yohane wa 23. Aliipiga kusini mwa Italia, mjini Matera na kwingineko, akampa nafasi ya Yesu mwanafunzi wa Kihispania asiyewahi kuigiza, na mama yake mwenyewe mzazi akacheza nafasi ya Maria katika uzee wake. Watu wa kanisa waliipa tuzo, huku baadhi ya wenzake wa mrengo wa kushoto wakimwona kama aliyewaacha mkono.

Katika muziki wake, pamoja na Bach na wimbo wa Mmarekani Mweusi Odetta, imo Gloria ya Missa Luba, misa iliyorekodiwa na kwaya ya wavulana na walimu wao wa Kamina, Katanga, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Kaburi linapofunguka na watu wanapokimbia kwa furaha, sauti inayojaa ni ya ngoma na watoto wa Kamina wakiimba Kilatini. Wahakiki wa Ulaya wameueleza muziki huo kuwa wa kale, wa ajabu, wa mbali. Mtu wa Lubumbashi au Kolwezi anayeusikia kwa mara ya kwanza mbele ya picha za vilima vya Italia husikia kwaya ya shule ya mkoa jirani, na kwa dakika hiyo Matera ndiyo inayokuwa mbali.